Chemchemi Nyuma ya Jiko

Jumatatu asubuhi Kalondu alipanda hadi juu kabisa ya shamba lake, baada ya kumwambia mumewe kwamba anakwenda kuokota kuni, akakuta ardhi imepasuka. Haukuwa ufa wa kiangazi, zile nyufa nyembamba za kwao Kathonzweni ambazo mvua ya kwanza huziba. Huu ulianzia kwenye kisiki cha mgrevilea, ukapita katikati ya visiki vingine, ukavuka mpaka na kuingia kwa Nthenya. Alitia mkono, ukazama hadi kwenye kifundo. Upande wa chini wa ufa ulikuwa umeshuka upana wa vidole vitatu, na majani yaliyoota hapo yalikuwa yananing'inia mizizi nje.

Kuni alikuwa nazo nyumbani za kumtosha mwezi mzima. Alichopanda kukitazama ni mtaro, na mtaro huo heri tuueleze mapema, maana ndio uliokuwa umemkaa kooni. Mwezi wa nane, mwethya, kile kikundi cha majirani wanaolimiana kwa zamu, ulikuja siku tatu mfululizo kumchimbia Nthenya mtaro mrefu wa kukinga maji ya kilima yasishukie miparachichi yake. Mtaro ulikata juu ya mashamba yote mawili ukaishia kwa Kalondu, penye korongo la mawe, ili maji yamwagikie huko. Munyao, mume wa Kalondu, ndiye aliyetoa ruhusa. Kalondu hakuulizwa. Alisikia majembe tu, akatoka na kikombe cha chai mkononi, akakuta wanawake ishirini na wawili wako shambani mwake wakiimba jina la mwanamke mwingine.

Basi wiki mbili zilizopita, mvua za Novemba zilipoanza kushika kasi, alipanda na jembe akauziba mdomo wa mtaro. Alitia udongo, mawe na matawi, akashindilia kwa miguu mpaka pakawa pagumu. Alitaka maji yamrudie Nthenya mwenyewe, yakaozeshe mizizi ya miparachichi. Hakutaka zaidi ya hapo, na kwa hesabu zake hiyo ilikuwa haki.

Leo alitazamia kukuta maji yanafurika kuelekea kwa Nthenya. Mtaro ulikuwa na maji ya kufika magotini, yametulia, na hayakuwa yakifurika popote. Alama ya matope ukingoni ilionyesha jana yalikuwa juu zaidi. Yalikuwa yanapungua, lakini mahali yanapokwenda hapakuonekana. Kalondu alisimama akatazama mtaro, akatazama ufa, akafunga matawi mawili matatu kwa kamba ili asirudi mikono mitupu, akashuka.

Wivu wake haukuwa wa kufichika. Ulijulikana mpaka sokoni Nunguni, na wenye kupenda mzaha walikuwa wakimuuliza bei ya viazi kwa Nthenya ili tu waone uso wake. Wanawake hawa wawili waliolewa na ndugu, Kalondu kwa mkubwa, Nthenya kwa Mutie, mdogo, mwenye duka kule Kabati ambaye huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mashamba yao yalishuka sambamba kutoka kileleni hadi kijitoni. Ila kilima hakishuki sawa: kuna bonde linaloanzia juu kwa Kalondu, likapinda, likaenda kuishia nyuma ya jiko la Nthenya.

Kalondu angeweza kumsamehe Nthenya maparachichi. Angejikaza akamsamehe hata kuchaguliwa kuwa mwandishi wa mwethya. Kilichomshinda ni mama mkwe wao, Kaveke. Miaka mitatu iliyopita yeye na Munyao walikata miti yote ya juu, sitini na moja, mingine imepandwa na marehemu baba mkwe kwa mkono wake, wakajenga nyumba ya mawe yenye dari, na ndani yake chumba cha mama mkwe chenye dirisha la kioo. Kaveke alilala humo miezi minne. Kisha siku moja akachukua godoro lake na kiti chake, akavuka ua, akahamia kwa Nthenya kwenye nyumba ya matofali isiyo na dari. Alipoulizwa alisema chumba kina baridi. Chumba hicho sasa kiliwekwa magunia ya mahindi, na kila Kalondu alipoingia kuchota mahindi moyo ulimuuma upya.

*

Alipofika chini alikuta watu. Wanawake sita, mitungi ya njano imepangwa kuanzia kwenye kona ya jiko la Nthenya hadi kwenye zizi la mbuzi.

"Kuna nini?" alimuuliza binti yake Mutindi, aliyekuwa amesimama kwenye ua.

"Mami hujasikia? Kwa anti kumetokea maji. Yametoka tu yenyewe, chini ya ukuta wa jiko. Tangu Ijumaa, lakini leo ni mengi. Susu Kaveke amesema ni baraka."

Kalondu alitupa kuni, akavuka. Nyuma ya jiko, pale ambapo kilima kilichongwa kupata uwanja wa kujengea, maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye udongo mwekundu, unene wa kidole gumba, safi, yakiingia kwenye beseni. Kaveke alikuwa ameketi kando kwenye kiti chake, kanga begani, akisimamia foleni.

"Karibu, Mama Mutindi," Nthenya alisema. Alikuwa amelowa hadi magotini na uso unang'aa. "Chota na wewe. Hii si yangu, ni ya Mungu. Pasta anakuja Jumapili kuiombea."

"Nina maji yangu."

"Ya tangi hiyo yenu imekaa sana," Kaveke alisema. "Onja hii. Tamu! Marehemu aliishi hapa miaka hamsini hakuona maji hapa. Ni mikono ya mtu. Kuna mtu akishika kitu kinafunguka, na kuna mtu akishika kinakauka."

Wanawake wa foleni waliangalia mitungi yao. Kalondu alisimama hapo, na masikio yalimwaka moto. Alitoka nchi ambako msichana huamka saa tisa usiku kwenda kutafuta maji kwenye mchanga wa mto, na hapa maji yalimfuata Nthenya hadi jikoni. Alimwonea wivu mpaka meno yakauma. Ufa wa kule juu ulimtoka akilini kabisa, ukarudi tu jioni.

*

Jioni Munyao alirudi na vyombo vyake vya uashi, akanywa chai, akasifu.

"Leo chai iko sawa."

"Ni ile ya kila siku."

"Apana. Nimemtuma Mutindi kwa Mama Kasiva achote. Hiyo maji ni tofauti." Mama Kasiva ndiye Nthenya. "Huyo mama ana bahati yake. Mutie alipata mke."

Kalondu alikuwa amefungua kinywa kusema, "Baba Mutindi, kule juu nimeona kitu." Alikuwa amelipanga neno hilo tangu alipokuwa akipepeta maharagwe. Lakini baada ya kusikia Mutie alipata mke, alikifunga.

"Na wewe ulipata nini?" aliuliza.

"Asi! Mimi nimesema chai ni nzuri, imekuwa makosa?"

"Kaoe chemchemi basi."

Munyao aliondoka kwenda kuangalia ng'ombe, huku akitikisa kichwa. Kalondu aliosha kile kikombe mara tatu.

*

Jumanne ilikuwa siku ya mwethya, na zamu ilikuwa ya mzee Mutisya, mwenyekiti wao, ng'ambo ya kijito. Saa sita, walipoketi kula isyo, yale mahindi yaliyochemshwa na maharagwe, kwa mboga, alifika ofisa wa kilimo, msichana mmoja aitwaye Ndinda, gambuti zimejaa matope hadi juu. Alikuwa amezunguka vilima vyote vya upande huo tangu asubuhi, na sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

"Wazazi wangu, sitawapotezea wakati. Mvua ya mwaka huu ni nyingi. Mnajua kwa nini kilima kinateremka?"

"Ni mvua," mtu alisema.

"Mvua peke yake hapana. Mvua ilinyesha wakati wa babu zenu na kilima kikakaa." Akachukua jembe la Kalondu, lililokuwa karibu, akalisimamisha kwenye ukingo wa tuta. "Hapa chini, mita mbili au tatu, kuna jabali. Udongo umekaa juu ya jabali, na umelala mteremko. Kinachoushika ni mizizi. Ya miti mikubwa inaenda chini mpaka inashika nyufa za jabali, ya miti midogo inashikana yenyewe kwa yenyewe. Na mti unakunywa. Mti mmoja mkubwa unavuta maji mengi kutoka kwa udongo kila siku. Ukikata mti leo, kilima hakianguki leo. Ndiyo maana tunadanganyika. Mizizi inabaki, inaendelea kushika. Mwaka wa pili inaoza. Mwaka wa tatu imekuwa unga. Sasa mvua inaingia, haina wa kuinywa, inashuka mpaka kwa jabali, inakuta utelezi, udongo umekuwa mzito na hauna kitu cha kushika. Na sisi tumechonga chini tujenge nyumba, tumeuondolea mguu wa kusimamia. Itabaki aje hapo?"

Miaka mitatu. Kalondu alihesabu hata bila kutaka.

"Kwa hivyo tukipanda mikalitusi itakunywa maji yote?" Mutisya aliuliza.

"Itakunywa, mzee, lakini hiyo panda mbali na kijito chako. Hapa juu tunataka miti ya kuchanganya, na majani chini yake. Hiyo ni kazi ya miaka. Leo nauliza dalili. Kuna mtu ameona ufa kwa shamba lake? Mlango umekataa kufunga? Mti umeinama? Chemchemi mpya mahali hapakuwa na maji?"

Wanawake wakacheka kwa furaha, wakamgeukia Nthenya. Nthenya aliinuka, akapangusa mikono kwenye leso.

"Mimi nimepata chemchemi," alisema. "Nyuma ya jiko."

Ndinda hakucheka. Alimwuliza maji yalianza lini, yanaongezeka au yanapungua, ni safi au yana tope. Nthenya alijibu, na kadiri alivyojibu sauti yake ilipungua.

"Na juu yako ni shamba la nani?"

Hapakuwa na haja ya kutaja. Vichwa vyote viligeuka. Kalondu alikuwa na kijiko cha maharagwe mkononi.

"Huko juu umefika siku hizi, mama?" Ndinda aliuliza.

"Nimefika."

"Kuna ufa?"

Kama angeulizwa peke yake, pengine angesema. Lakini aliulizwa mbele ya watu ishirini na wawili waliochimba mtaro, na ufa hauwezi kuonyeshwa bila mtaro kuonekana. Wangepanda wote. Wangekuta mdomo umezibwa, na alama za nyayo zake. Na Nthenya angesimama hapo akionewa huruma, na Kaveke angepata maneno ya kusema hadi kufa kwake.

"Huko juu hakuna kitu," Kalondu alisema. "Ni visiki tu."

"Sawa. Lakini nitakuja nione mwenyewe. Leo nina vilima vitatu bado. Alhamisi asubuhi." Ndinda akamrudishia jembe. "Mama mwenye chemchemi, usilale na nguo za kulalia. Ukisikia mlio kama wa lori, usitafute viatu."

Njiani kurudi, Nthenya alimpa Kalondu mkono kuvuka kijito, kwa kuwa mawe yalikuwa yanateleza. "Huyo msichana ananitisha tu, eh?" alisema. "Kama huko juu ni sawa, ni sawa. Wewe ndiwe umeona." Kalondu alisema ndiyo.

*

Mvua ilipiga kuanzia magharibi hadi alfajiri. Jumatano asubuhi Kalondu hakusingizia kuni. Alipanda akikimbia, akishika visiki, na kimoja alipokishika kiling'oka chote mkononi, chepesi, mizizi yake laini yenye harufu ya uyoga. Alikitupa kwa hofu. Ufa sasa ungemmeza ng'ombe mguu. Upande wa chini ulikuwa umeshuka kufika kiunoni mwake, na mtaro ulikuwa mtupu. Maji yote ya usiku kucha yalikuwa yamezama humo ndani.

Alipiga hesabu ya mwisho, na hata hapo, tusimpambe, hesabu ya kwanza ilikuwa ya aibu yake. Angeweza kumpigia Ndinda. Angeweza kumtuma Munyao aseme yeye ndiye ameona. Lakini Munyao alikwenda kazini Nunguni tangu saa kumi na mbili na simu yake ilikuwa imezimwa. Alifikiri juu ya Kasiva na mdogo wake, ambao shule imefungwa na wako ndani. Alifikiri juu ya Kaveke kwenye kiti chake, mgongo umeelekea kilima. Akashuka akianguka, akiinuka.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya Jumatatu. Maji ya chemchemi yalikuwa yamenenepa kama mkono, rangi ya chai ya maziwa, na wanawake walikuwa wanasubiri yatulie.

"Tokeni!" Kalondu alisema. "Tokeni hapa wote. Mama Kasiva, toa watoto. Kilima kinakuja."

Hakuna aliyeondoka. Mmoja aliinamisha uso akicheka kwenye kanga.

"Kinakuja wapi?" Nthenya alisema. "Jana umesema juu hakuna kitu."

"Kuna ufa. Mkubwa. Tokeni, tutaongea baadaye."

"Jana, mbele ya ofisa, hakukuwa na ufa. Leo watu wamejaa kwangu, kuna ufa." Nthenya hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hakuipaza. "Mama Mutindi, mimi nimenyamaza mengi. Ulisema maparachichi yangu yana dawa. Ulisema mama nilimroga akaja kwangu. Nilisema ni sawa, ni mkubwa wangu. Sasa hata hii maji unataka niache?"

"Acha yeye," Kaveke alisema bila kugeuka. "Tangu lini huyu akaja hapa kwa uzuri? Chota, mama, zamu yako."

Hiyo ndiyo bei ya wivu wake, na alilipishwa hapo hapo: alikuwa anasema kweli na hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kumwamini. Juu yao udongo ulitoa kishindo kidogo, kijiwe kimoja kikabingirika kikagonga bati la jiko. Kalondu aliona hakuna neno lililobaki ila lile moja.

"Ni mimi," alisema. "Niliziba mtaro. Ule mliuchimba. Nilipanda nikauziba na mawe, wiki mbili sasa, maji yakuharibie avokado. Hii si chemchemi, Nthenya. Hii ni maji ya mtaro. Inaingia kwa ufa huko juu inatokea hapa. Jana niliogopa kusema kwa sababu mngeona. Nimesema. Niiteni mtakavyo, lakini tokeni."

Alilia alipokuwa akisema, kilio kibaya cha mdomo wazi, na pengine ndicho kilichowaaminisha. Mtu hajisingizii jambo la namna hiyo mbele za watu. Nthenya akageuka akaita, "Kasiva! Beba Mutuku! Usiulize!" Wanawake waliacha mitungi. Wawili walimnyanyua Kaveke pamoja na kiti chake, naye akipiga kelele aachwe atembee mwenyewe. Kalondu aliingia zizini kufungua mbuzi. Alipata wanne, wa tano alikataa kutoka.

Walikuwa wamefika kwenye barabara ya juu ya kijito kilima kilipoachia. Mlio haukuwa wa lori. Ulikuwa wa chini zaidi, ulisikika kwenye nyayo kabla ya kusikika masikioni. Visiki vya Kalondu vilitangulia, vikisafiri wima, vimekaa kwenye udongo wao, kisha udongo ukapinda na bonde, ukabeba miparachichi, ukafika jikoni. Bati liliinuka likakunjwa. Nyumba ya matofali ilisimama kidogo, watu wakadhani itahimili, halafu ukuta wa nyuma ukaingia ndani na ule wa mbele ukatoka nje. Iliisha kabla Kaveke hajamaliza kulitaja jina la Bwana.

Walihesabiana. Walikuwa wote. Mbuzi mmoja hakuonekana.

Nthenya hakulia. Alikuwa amesimama amemshika mtoto, anatazama pale palipokuwa kwake, na mara moja tu aliangalia nyumba ya mawe yenye dari, ambayo haikuguswa hata kioo.

*

Siku mbili hizo watu walimsema Kalondu mbele yake, jambo ambalo zamani walilifanya nyuma. Munyao hakumpiga wala kumfokea. Alihama chumba tu, akalala na magunia ya mahindi. Mzee Mutisya alikuja jioni ya Alhamisi, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mwethya umekaa," alisema. "Jembe lako lipumzike kwanza. Mpaka tukuite."

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka tukuite."

Kalondu alitoa chumba cha dirisha la kioo kwa mama mkwe, kwa Nthenya, kwa watoto. Kaveke alimtuma Mutindi na jibu kwamba chumba kile bado kina baridi. Walikuwa wamelala kwenye ukumbi wa kanisa. Watu walipeleka blanketi, sufuria, unga, mabati ya zamani. Mutie alikuja kutoka Kabati na gari lililojaa vitu vya duka. Mwethya ulikubali kumjengea Nthenya nyumba mpya, bila kupumzika hata Jumamosi. Mutindi alileta habari hizo moja moja, na Kalondu, Mungu amsamehe, alisikia kidonda kile cha zamani kikifunguka. Hata msiba wa Nthenya ulikuwa na watu wengi. Alijichukia kwa kuliwaza hilo, akaenda akaliwaza tena akiwa anasonga ugali.

Ijumaa asubuhi mawingu yalikuwa mazito upande wa Nunguni. Ndinda alikuwa amepita Alhamisi, akapima, akasema kipande kilichobaki juu bado kimelegea, na mtaro uliobaki upande wa Kalondu lazima ufunguliwe mdomo kabla ya mvua nyingine, la sivyo maji yatakwenda kutafuta bonde la pili. Bonde la pili linashukia kwenye nyumba ya mawe. Munyao alikuwa ameitwa kwa chifu. Kalondu alichukua jembe lililoambiwa lipumzike, akapanda.

Alikuta mtu yuko huko. Nthenya alikuwa ameanza mapema, upande wa pili wa kizibo, leso imefungwa kiunoni. Alikuwa ametoa nusu ya mawe na kuyapanga kando kwa utaratibu, akirudi kwenye ukingo kila baada ya kutoa jiwe, mahali palipo pagumu.

Kalondu alisimama. Alikuwa na maneno tangu Jumatano, ameyarudia kitandani hadi yakaisha ladha. "Mama Kasiva," alianza.

"Wacha."

"Mimi nilitaka tu..."

"Sitaki kusikia ulitaka nini. Nimesikia mbele ya watu." Nthenya aliinua jiwe jingine, akaliweka. "Sijakuja kwa sababu yako. Mutindi analala kwa hiyo nyumba. Chimba upande wako, usikanyage hapo kwa ukingo. Mvua imefika Nunguni."

Kalondu aliinama akachimba. Walichimba, mmoja huku, mwingine kule, kizibo kikipungua katikati yao. Upepo wenye harufu ya mvua ulianza kuvuma. Alipoinua kichwa kufuta jasho aliona kwamba ukuta wa mtaro upande wa Nthenya umenyooka, umelainishwa kwa bapa la jembe, na wa kwake umeliwaliwa. Alimtazama mwanamke huyo asiye na nyumba, aliyepanda kilima peke yake kuilinda ya mwenzake, akatafuta ndani yake shukrani au majuto, na vyote vilikuwamo. Lakini kilichotangulia, kikamchoma mahali pale pale, kilikuwa wivu. Alimwonea wivu hata moyo huo.

Alirudi akaunyoosha ukuta wake. Tone la kwanza lilipiga jembe, na Nthenya akasema, "Haraka."